Dalali Ameandika Piano Yako

Darcie,
Ukitoka shule pitia mlango wa nyuma, kisha ufunge komeo. Akigonga mtu, usifungue. Pai iko kwenye oveni.

Asubuhi alikuja dalali wa mahakama kwa lile deni la kodi ya halmashauri. Mimi nilikuwa bafuni. Babu yako huyo akamfungulia: "Ingia mwanangu, nje baridi." Akampa na chai! Jamaa akanywa huku akiandika vitu vya kukamatwa: sofa, televisheni na piano yako. Kwa kuwa alikaribishwa ndani, sasa tusipolipa, akirudi sheria inamruhusu kuvunja mlango.

Nimekwenda kuomba msaada kwa washauri wa madeni. ~~Mwambie babu asiniongeleshe.~~ Mwambie sijakasirika. Amejifungia chumbani, nikimwita haitiki.

Gari la dalali bado liko pale kona, na sasa wamo wawili.

Mama