Neno Lililotoka kwa Mama

Morogoro, 6 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Habari za Mlali, na mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, saluni ina wateja. Siku hizi natunga maneno ya mjini pamoja na maana zake, najirekodi na kurusha mtandaoni. Watu wanacheka mpaka machozi!

Jumamosi iliyopita nilikupikia wali na njegere, ukapoa nikikungoja. Simu hupokei. Kuna nini, mama?

Mwanao,
Glory

Mlali, 14 Aprili 2024

Mwanangu Glory,

Milele amina. Marahaba. Mgongo haujambo. Mimi nasema, jirani yetu Lucy anaandika.

Maneno yako yamefika huku. Mwezi wa tatu gulioni mzee mmoja aligonga tenga la kabichi, akaliomba radhi. Vijana wakamzomea, "Babu, umewinfrida!" Nikashtuka kusikia jina langu. Lucy alikataa kunieleza, nikambana. "Kuwinfrida ni kuamkia sanamu ya dukani, ukasimama kungoja iitikie." Na sauti, akasema, ni ya Glory.

Siku ile nilipokuja mjini, pale dukani ulicheka, nami nikacheka. Sikukwambia kuwa macho yana ukungu. Niliona mtu mzima kavaa kitenge, nikamsabahi. Nilikuja ili unipeleke kwa daktari, nikaona haya kusema. Sasa nikipita watu wanaziba midomo. Mjini siji tena.

Mama yako

Morogoro, 17 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi kukuulizia hali. Nimefuta ile sauti, lakini imeshasambaa. Jana mteja niliyekuwa namsuka alinisimulia neno hilo hilo, hajui ni langu. Nilitaka kusema, "Huyo ni mama yangu." Nikacheka naye. Tangu hapo sijiangalii kwenye kioo cha saluni.

Dada Lucy, msomee yote, usinifichie aibu. Mama, nisamehe. Nije lini nikupeleke hospitali?

Mwanao mkosefu,
Glory

Mlali, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Leo naandika mwenyewe, uvumilie mistari inayopanda mlima.

Mwezi uliopita nilipasuliwa jicho hapo hapo Morogoro. Nilifikia kwa Mama Shamimu, nyuma ya saluni yako. Nimelala na bandeji nikakusikia unaongea na wateja. Mama Shamimu akaniuliza, "Nimwite?" Nikamwambia, "Mwache." Kisha nikalia, na daktari alishanikataza kulia. Mzazi gani anajificha nyuma ya ukuta, mtoto wake asimwone?

Jana niliisoma barua yako kwa jicho langu. Njoo Jumapili ijayo, baada ya misa. Usilete kitu. Ukae tu mbele yangu kwenye mwanga, nikutazame. Sijakuona vizuri tangu mwaka juzi.

Mama yako,
Winfrida