Sebule Isiyo na Ukuta wa Mbele

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Matinyani tuko salama na mbaazi zimekubali. Umeuliza kama sebule yako iwe wazi upande wa bustani.

Nilipoolewa, babu yako alijenga sebule bila ukuta wa mbele. Mama yake akakataa kuingia. "Hiyo ni nyumba ama ni zizi?"

Siku ya maombi ya nyumba alikaa nje. Tulipofumba macho, mbuzi akaingia, akaanza kula chapati za wageni. Mama mkwe akakimbia ndani na fimbo, akamfukuza, halafu akasimama katikati ya sebule. "Kumbe huku kuna kaupepo!" Akaketi. Kumtoa jioni ikawa kazi.

Wewe acha wazi, ujenge kaukuta kafupi tu. Hakatazuia mbuzi, lakini mama mkwe wako atapata pa kukalia.

Nyanya yako, Ndanu