Saa Nane Yako na Saa Nane Yetu

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele, mezani pa cherehani.
Alhamisi, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anatembea kama anayetafuta sindano? Sisi huku wazima, miguu tu imevimba kwa kukaa kwenye ndege. Asante kwa wiki tatu za kutulisha, kututembeza na kutuvumilia. Kila mgeni anayeingia hapa, Mama anamsimulia zile ngazi zinazopanda zenyewe, na kila akisimulia zinazidi kuwa ndefu.

Sasa nikugombeze kidogo, maana haki hiyo ninayo. Jumapili jioni ulituambia, "Ndege yenu kesho ni saa nane kamili." Alfajiri ukaenda zako kuoka mikate. Mimi na Mama tukaamka kwa raha zetu. Saa nane si baada ya chakula cha mchana? Haraka ya nini? Mama akafua leso yake. Mimi nikapinda lile pazia la jikoni kwenu linaloburura sakafuni.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikatoa tiketi niitie kwenye pochi. Imeandikwa 08:00. Roho nusura initoke. Miaka kumi na mmoja huko, mdogo wangu, umezisoma saa zao mpaka umesahau kwamba hiyo kwetu ni saa mbili!

Na shida haikuwa ndege tu. Unajua Baba aliitwa hospitali kabla ya tarehe yake, akapasuliwa jicho Jumatatu hiyohiyo. Bandeji ilikuwa itolewe Jumanne asubuhi, kabla daktari wa macho hajaenda kituo kingine. Miaka mitatu hajaona uso wa mtu. Na alishamwapia shangazi kwamba wa kwanza kumwona atakuwa Mama, la sivyo bandeji ibaki palepale. Ukaidi wake unaujua, wewe mwenyewe umeurithi.

Yule dereva wa teksi wa ghorofa ya chini nilimgongea mlango hadi akatoka na sabuni mashavuni. Lugha yake siijui. Nilimwonyesha tiketi, nikamwonyesha saa ya mkononi, akaelewa upesi kuliko wewe. Alituendesha amenyoa ndevu upande mmoja tu.

Uwanjani, dereva akatubebea begi hadi ndani, lakini dada wa kaunta alitikisa kichwa. Sehemu ya kupokea mizigo ilikuwa imeshafungwa. Watu tungeweza kupita, begi haliwezi. Ndani yake mlikuwa na zawadi za ukoo mzima na vitambaa vyangu, kwa hiyo mimi, sikufichi, nilisimama nikaanza kubembeleza. Mama hakubembeleza mtu.

"Liache hilo! Nimekuja kutembea, sikuja kufungua duka."

Akanishika mkono tukakimbia, yeye na magoti yake yale, leso mbichi begani. Tuliingia wa mwisho. Abiria wote wanatutazama kwa macho makali, Mama anawaamkia mmoja mmoja mpaka kwenye kiti chake. Begi alirudi nalo dereva, kalichukue kwake.

Tulibadilisha ndege njiani, na sikumbuki hata tulikula nini. Tulitua Jumanne saa moja asubuhi, ile yetu, tukaenda hospitali moja kwa moja.

Baba alikuwa mwisho wa benchi, amewapisha wagonjwa wote mbele yake. Shangazi alikuwa amebakiza kumchapa. Mama akasimama mbele yake, na muuguzi akaifungua bandeji taratibu. Baba akapepesa. Akamtazama Mama muda mrefu, mpaka nikaogopa kwamba haoni. Kisha akamgusa shavu.

"Umezeeka, mama watoto," akasema. "Na mimi sikuwepo."

"Basi nitazame sasa."

Nililia, sioni aibu kukuandikia. Na tangu siku hiyo kazi ya Baba ni kumtazama tu, hata chai inampoa.

Msalimie sana wifi. Shangazi anakusalimu, Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Mungu akulinde kazini na njiani, akufungulie safari ya kurudi. Baba ameshatuona sote hapa nyumbani, lakini kila jioni anasema bado uso mmoja.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Fundi