Mkono Unaolegea Juu ya Farasi Tu

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 11 Machi 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Albertine,

Jambo, yaya wangu. Hamjambo huko Liège? Baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Na mgongo wa shemeji Jean-Claude unaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula vizuri, na mvua haijatuacha, mbele ya nyumba ni matope matupu. Kuhusu moyo wangu, ngoja nikueleze leo, maana kila ukiniuliza kwenye simu nasingizia mtandao mbaya.

Ni habari ya sherehe ya kumaliza kilio cha Baba, mtakapokuja baada ya Pasaka. Umeshawaambia ndugu wote kwamba Faustin atapiga gitaa, ule wimbo ambao Baba alikuwa anauimba akirudi kutoka kazi ya reli. Yaya, sitaweza.

Unajua vile vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyoanza kujikunja. Daktari alisema mkono wenyewe si mgonjwa, ni kichwa kimesahau namna ya kuuamrisha. Akanishauri nipumzishe gitaa, niuzoeze mkono jambo jingine. Ndipo Mama Germaine wa kwaya yetu, anayefundisha watu kupanda farasi kule kwenye klabu ya wenye nazo, akaniita nijaribu bure. Cheka tu. Mimi, mtoto wa mtu wa reli, juu ya farasi!

Siku ya kwanza nilishika hatamu kama ninavyoshika shingo ya gitaa, nikazibana kabisa. Na kwa mazoea yetu wanamuziki, visigino vikawa vinapiga mdundo bila mimi kujua. Bijou, yule farasi jike, akainua kichwa, akarudi nyuma mpaka ukutani, anatetemeka. Mama Germaine akapiga kelele: « Faustin! Mikono inamuambia asimame, miguu inamuambia aende. Sasa yeye afanye namna gani? »

Niliona haya, lakini nilielewa. Miaka yote nimepiga muziki hivyohivyo, mguu unakimbia, mkono unabana. Kwenye kila ndoa na kila baa nilibana kwa woga wa kukosea, na watu wakauita ule woga ufundi. Hata mimi niliuita hivyo.

Basi nikajifunza kulegeza. Sasa Bijou ananisikia hata nikivuta pumzi tu, na vidole vyangu juu yake vimenyooka vyote. Siku nilipoviona nililia kwa furaha. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua gitaa. Vilipogusa nyuzi tu, vikajikunja tena. Nimejaribu mpaka nimechoka. Yaani leo ndiyo najua jinsi nilivyopaswa kupiga, na leo ndiyo siwezi. Kuna asubuhi sioni sababu ya kuamka, yaya. Sikufichi.

Kwa hiyo niliamua kumfundisha Sylvain wa bendi yetu wimbo wa Baba. Wiki iliyopita, Mama akiwa sokoni, tulijifungia chumbani kwangu, akapiga taratibu, bila kubana, kama ninavyousikia mimi kichwani. Nilipotoka, nikamkuta Mama amerudi, ameacha kusonga bukari, chungu bado motoni, machozi yanamtoka. « Mukono yako imepona, mutoto yangu, » akasema. « Aksanti Mungu. »

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamuuliza kama bukari imeiva.

Jumapili padri akasoma nia za misa: shukrani ya Mama, kwa kupona kwa mkono wa Faustin. Kanisa zima likapiga makofi. Mama Germaine alinitazama kutoka kwaya, kisha akainamisha macho. Nami nikasimama, yaya, nikainua mkono huohuo kuwashukuru.

Ukifika, mwambie Mama wewe. Mimi nimeshindwa.

Nisalimie shemeji na binti yenu Graciella, na umbusu mtoto wake. Mungu awafunike njiani, mtue salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Faustin