Picha Niliyoikata

Likasi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Goti linaendeleaje? Baridi ya ziwa bado inalichokoza? Ndagala ulizotuma, dagaa wetu wa ziwa, zilifika kavu kabisa, na jirani zangu wote sasa wanajua kwamba nina mama. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na mficha maradhi kilio kitamfichua, kwa hiyo nasema.

Kile kijitabu cha misa ya mwaka mmoja wa kifo cha Baba nilikiandaa mwenyewe kwa kompyuta hapa kazini, sekretariati, duka la kuchapia hati za watu, wateja wakipungua. Nilikijaza picha zote mlizonitumia, kikawa kizito mno. Kila nilipojaribu kumtumia kaka yangu mkubwa, yaya Damas, akichapishe huko Kalemie, barua pepe ilikataa. Basi nikafanya kama ninavyofanya kila siku kwa ripoti za watu wa mgodi wa Kamatanda, zile za picha za mashimo: nikaiambia kompyuta ipunguze uzito wa picha zote kwa mpigo, na ifute kabisa sehemu zilizokatwa. Kijitabu kikaenda mara moja. Nikajisifu, Mama, mjinga mimi.

Picha ya jalada ilikuwa ile yenu wawili mlangoni, siku ya ubatizo wa mjukuu. Nilikuwa nimeikata ili aonekane Baba peke yake. Kwa kawaida kipande ulichokata kinajificha tu, ukitaka unakirudisha. Lakini mimi nilikuwa nimeamuru kifutwe, nikahifadhi bila kuacha nakala. Kwenye simu yangu picha hiyo nilishaiondoa kwa sababu imejaa, na simu ya yaya iliyoipiga ilianguka ziwani.

Jumatano ukanipigia: «Binti, ile photo yetu wawili, unifanyie kubwa, nitatundika ku ukuta.» Nikaitikia ndiyo, nikaenda kwenye kompyuta kuvuta ukingo wa picha ili kipande chako kirudi. Hakikurudi. Patron wangu mwenye duka, Papa Ilunga, akaja kuangalia, akatikisa kichwa.

«Bile bipande ulikata, mashini ilisha kubitupa. Haiko tena, mama.»

Jioni ukapiga tena, nikakudanganya kwamba inatengenezwa. Nisamehe. Hatuna nyingine ya ninyi pamoja, najua. Kifo kilimchukua Baba, na mimi nimekuondoa wewe ubavuni mwake. Afadhali ningevunja kompyuta yenyewe.

Nisalimie yaya Damas na mkewe, na shangazi anayekusuka nywele. Usimweleze shangazi haya kabla hujamaliza hasira zako, maana ataziongeza.

Nimeichapisha picha kama ilivyobaki, imo ndani ya bahasha hii. Mtazame Baba begani, upande wa kushoto. Papa Ilunga alitaka kufuta kinachoonekana hapo, akaniambia: «Minye naweza kutosha bile bidole, photo itakuwa propre, safi kabisa.» Nilimkatalia kwa ukali mpaka akashangaa. Ni vidole vinne, Mama. Ni vyako.

Mwanao anayekuomba radhi,
Beatrisi