Leza ya Dishon na Moto wa Mama Dorca

Migosi, Kisumu
12 Juni 1994

Nakuandikia tena, mpenzi, maana ya juzi hata sijayamaliza! U mzima? Unakula? Mimi ni mzima wa kupita kiasi. Kila nikitia sahihi kwa jina lako nacheka peke yangu. Jumapili iliyopita nilikwenda Luanda Kotieno kumwona mama yako, Mama Dorca. Nikataka kumpikia chai katika simba yako, ile nyumba yako ya ujana. Akanishika mkono: “Wee nyar Seme, binti wa Seme wewe, haraka ya nini? Mwanangu akulete kwanza, ndipo nikuwashie moto wako wa kwanza kwa mkono wangu, kama mila yetu. Sasa kula kwangu.” Ndiyo malipo ya kufunga ndoa mjini mbio mbio kabla ya ndege yako ya Uingereza! Agosti utanileta, sivyo?

Mkeo akupendaye sana,
Seline

Uingereza
9 Agosti 1994

Nyar Seme, salamu nyingi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina aibu. Agosti imeshindikana, mke wangu. Ninachanganya miale ya leza mbili zenye rangi zinazokaribiana sana. Tofauti ya rangi hizo huzaa mawimbi mafupi ya redio, ya kubeba simu nyingi bila waya. Mwale ukitetemeka hata kidogo, mawimbi hujaa makelele. Nimeituliza meza, nimebadilisha vioo, bado. Profesa hataki niondoke kabla hayajatulia. Mwambie Mama aningoje kidogo.

Mumeo,
Dishon

Migosi
2 Oktoba 1994

Jaherana, mpenzi wangu, barua hii ikukute salama. Nilimsomea Mama maneno yako. Akauliza, “Hiyo taa inapiga kelele? Aizime basi, aje!” Tukacheka mpaka akakohoa. Lakini Dishon, kikohozi hakijaisha, na amekonda. Shangazi yako Benta alisema aniwashie moto yeye. Mama akawaka: “Kwani nimekufa?” Najivunia wewe, mpenzi, Migosi nzima inajua mume wangu ni mtu wa leza. Lakini njoo.

Mkeo,
Seline

Uingereza
20 Novemba 1994

Nyar Seme, hamjambo? Mama anaendeleaje? Piga vigelegele! Makelele yamekwisha. Miezi yote hii nimeilaumu leza, kumbe yalitoka kwenye kifaa cha umeme kinachoilisha. Nilipoiunganisha na betri, mstari kwenye kioo cha kipimo ukawa mwembamba kama uzi. Kazi ya mchana mmoja! Ningeanza na betri, Agosti ningekuwa nyumbani. Vipimo vikiisha, Krismasi nakuleta kwa Mama.

Mumeo,
Dishon

Migosi
4 Desemba 1994

Mume wangu, pole. Najua telegramu imekufikia kabla ya hii. Mwili wangu ni mzima. Barua yako ya furaha niliikuta mlangoni nilipotoka kumzika Mama.

Sikulaumu kwa ile betri. Mimi nina langu. Alipoona nguvu zinamwishia, aliniita: “Nyathina, mwanangu, nishike mkono twende simba, nikuwashie leo.” Nikamkatalia! “Ngoja, Mama, Dishon yuko karibu.” Nilitaka usimame pale, unione nikiwa bibi harusi wa kweli. Akageukia ukutani.

Benta yuko tayari kushika nafasi yake, aniwashie moto simba. Ukiwahi, tutakwenda pamoja. Usipowahi, nitakwenda peke yangu. Lakini nitafika Luanda Kotieno kabla mwezi haujaisha.

Mkeo,
Seline