Bendera Niliyokushikia

Dada Nargis,

Nimeacha kucheza. Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili iliyopita, hapa hapa Temeke, kwenye uwanja wa kiwanda, na tumeshinda. Sikuumia, wala hakuna aliyeniondoa. Magoti yamechoka, basi, na hawa wasichana wapya wanakimbia hadi mie naonekana nimesimama. Watu wote waliostahili kuambiwa wameshaambiwa. Umebaki wewe.

Baada ya mechi walipanga viti, bwana michezo akashika kipaza sauti akaanza kunisomea sifa zangu. Tekla, bingwa wa mkoa. Tekla, bingwa wa taifa. Tekla, mchezaji bora wa mashindano ya Nairobi, nahodha wa timu ya taifa ya wanawake, mshika bendera. Mama alikaa mstari wa mbele na khanga mpya, na kila sifa ikitajwa anamgusa jirani yake begani. Mie nikawa nasikiliza kama mtu anayesomewa habari za mtu mwingine. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Ila aliyasema kana kwamba yalidondoka kutoka juu yakanikuta nimekaa. Huyu bwana michezo ni kijana, amekuja wewe umeshaondoka. Hakukutaja kwa sababu hakujui. Sikusimama kumsahihisha, habari yenyewe ni ndefu, na pilau ilikuwa imeshaanza kunukia.

Basi naiandika huku, kwako, maana wewe huna haja ya kushawishiwa.

Nilipoajiriwa pale kiwandani Uhuru ulikuwa bado mchanga. Sie tulitoka Newala kumfuata Baba aliyekuwa anafanya kazi bandarini, tukapanga Kiwalani, mie nikapata kibarua cha kusokota nyuzi. Jioni tulikuwa tunacheza netiboli. Halafu kiwanda kikataka timu ya mpira wa kikapu ya wanawake, kwa kuwa viwanda vingine vilikuwa nayo, wakatukusanya wale wale wa netiboli wakatupa mpira mkubwa zaidi. Mechi yetu ya kwanza tulicheza na klabu yenu ya mjini. Nyie wote mmevaa raba nyeupe, sie nusu tuko peku. Nikaudaka mpira nikakimbia nao kifuani, kama mtu aliyeiba kuku. Watu walicheka hadi mwamuzi akasahau kupuliza filimbi. Wewe hukucheka. Ulikuwa unanilinda mimi, ukanishika mkono ukanirudisha taratibu pale nilipoanzia.

Tulifungwa vibaya sana. Mechi ilipokwisha ulivuka uwanja ukaja kwetu.

"Una mikono," ukaniambia. "Miguu huna. Miguu inafundishika."

Wiki iliyofuata ukaja Temeke na pikipiki yako ndogo ya bluu, ile ya Kitaliano, vumbi limekujaa usoni, na mpira umeufunga kwa kamba nyuma. Hakuna aliyekuita wala aliyekulipa. Ulikuwa mwalimu wa shule, una familia yako, una klabu yako. Mama aliposikia kwamba kuna Mhindi anakuja kutufundisha mpira aliuliza, "Mhindi gani anakuja Temeke wala hauzi kitu?" Nikakuleta nyumbani ajionee mwenyewe. Ukamwamkia shikamoo, ukakaa. Alikuwa anapika kisamvu. Bila kuambiwa ukakalia mbuzi na suruali yako ya mazoezi ukaanza kukuna nazi. Mama alikutazama muda, akasema, "Huyu kwao wanapika." Toka siku hiyo hakuuliza tena. Ulipochelewa kuja, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema, "Yule mwenzenu vipi leo?"

Ulinifundisha kudunda mpira bila kuutazama. Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Nilikuwa nainamisha kichwa, nawe unanipandisha kidevu kwa kidole. "Mpira unajua uliko," ulikuwaga unasema. "Wewe watazame watu." Nimewaambia wasichana wengi maneno hayo baadaye. Kila mmoja hudhani ni ya kwangu.

Halafu majumba yakataifishwa. Ile nyumba ya ghorofa ya baba yako pale Kariakoo, aliyoijenga yeye na babu yako, ikawa ya serikali, na baba yako akawa mpangaji kwenye ghorofa yake mwenyewe. Sie kiwandani tulishangilia taarifa hiyo. Tuliandamana, tukaimba. Nami niliimba. Jioni ile ulikuja mazoezini kama kawaida, ukafunga kamba za raba, ukatuambia tuanze kukimbia. Hukusema neno, nasi hatukukuuliza. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nililoliamini siku ile nililiamini kweli. Na wewe ulikuwa umesimama pale.

Ndugu zako wawili wakaenda Kanada. Wenzako wa klabu wakaanza kuondoka, leo huyu kesho yule, mwisho klabu haikuwa na watu wa kutosha kuingia uwanjani. Ukaja kwetu. Wapo waliokunja uso, lakini ulipocheza mechi ya kwanza nyuso zikakunjuka. Mwaka ule tukachukua ubingwa wa mkoa, na uliofuata tukapanda treni kwenda Mwanza tukarudi mabingwa wa taifa. Kiwanda kikaniondoa kwenye mashine za nyuzi kikaniweka mapokezi, nipate nafasi ya kufanya mazoezi asubuhi na jioni. Jirani zetu Kiwalani walishindwa kuelewa. Mtu anaajiriwa kutupa mpira kwenye kikapu? Baba alikuwa akiwajibu, "Ndiyo. Na mshahara anapata."

Sasa nifike kwenye bendera.

Timu ya taifa ilipochaguliwa kwenda Nairobi, kiwanda chetu kilitoa wachezaji wengi kuliko timu zote, na wachezaji kwa kauli moja tukakuchagua wewe uwe nahodha. Hata wale wa timu ya jeshi, ambao walikuwa hawatupendi. Siku moja kabla ya safari, tumemaliza mazoezi, akaja mzee mmoja miongoni mwa wakubwa wa mchezo. Alikuwa na bendera imekunjwa vizuri. Akanikabidhi mimi.

"Nahodha ni huyu, mzee," nikasema, nikakuonyesha.

"Nimesikia," akasema. Hakuwa mkali. "Lakini bendera ya taifa ishikwe na mtu ambaye watu wakimwona hawataanza kuulizana maswali. Nahodha ni wewe."

Wewe ulikuwa unajifuta jasho, ukaendelea kujifuta. Nikaiweka ile bendera kwenye benchi, polepole nisije nikaonekana naitupa, nikasema kama ni hivyo mie siendi. Mwenzangu mmoja akasema naye haendi. Mzee akatutazama tu.

Ukanishika mkono ukanipeleka nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Nilitegemea utalia, au utanishukuru. Hukufanya hata kimoja.

"Tekla, mimi nimezaliwa hapa Dar," ukasema. "Baba yangu kazaliwa hapa. Wewe umezaliwa Newala, umekuja juzi. Hilo nalijua, na halibadiliki kwa bendera kushikwa na fulani. Lakini tusipokwenda Nairobi safari hii, hawatatupeleka tena. Watasema wanawake wana fujo. Kashike bendera. Mimi nitashika mpira."

Nikarudi nikaichukua. Mzee akanipa mkono. Na hivyo ndivyo nilivyopata unahodha wa taifa, ule uliosomwa Jumapili watu wakapiga makofi.

Nairobi tulifika fainali, tukakutana na wenyeji, watu wamejaa hadi juu ya kuta. Wale akina dada walikuwa warefu na wana nguvu, na mpaka mwisho walikuwa mbele yetu kwa pointi moja. Mpira ulikuwa kwako. Uwanja mzima ulijua utatupa wewe, hata walinzi wao walijua, wote wakakuzingira. Ukanipa mimi. Nikatupa, mpira ukagonga chuma ukaruka. Nikasikia watu wanaanza kushangilia. Sijui ulipenya wapi kati ya wale wanawake, naona tu mkono wako umeunasa mpira, na ulikuwa karibu kabisa na kikapu, ungeweza kuutumbukiza mwenyewe.

Ukanipa tena.

Ukaingia. Filimbi ikalia.

Nilikuuliza kwenye basi wakati tunarudi, tumeshavuka mpaka, wenzetu wamelala. Nilikuuliza kwa nini ulinipa mara ya pili na umeshaniona nakosa. Ulikuwa unamenya chungwa. Ukanitazama kama nimeuliza swali la kijinga.

"Ulikuwa peke yako," ukasema. "Hakuna aliyekuwa anakulinda."

Basi. Nilitaka jibu kubwa zaidi ya hilo. Miaka yote nimetaka jibu kubwa zaidi, na sasa nadhani halikuwepo. Ulitazama watu, ukaona mmoja yuko wazi, ukampa.

Kituoni Dar walitupokea kwa ngoma. Mie walinivika shada la maua, wakanibeba juu na bendera yangu. Kutoka kule juu nilikuona unapita pembeni na begi lako, unatafuta pikipiki.

Uliyoyapitia baadaye unayajua. Damu ilianza kukupungukia, madaktari wakasema hivi, wakasema vile. Kaka yako akakutumia tiketi ya ndege uende ukatibiwe kwao. Ukaniambia, "Kanada? Kule hata mpira unaganda." Nilikuletea uji hospitali, unakunywa vijiko viwili, kisha unaniuliza fulani amejifunza kurudi kulinda au bado. Siku ya mwisho niliyokuona hukuniuliza kitu. Ulikuwa umelala upande, unatazama dirisha.

Nilikuja nyumbani kwenu siku ya mazishi. Timu nzima tulikuja, tumefunga khanga vichwani, tukasimama nje kwenye korido kwa sababu hatukujua taratibu zenu na hatukutaka kukosea. Ndani wanawake walikuwa wanasoma. Kisha shangazi yako akatoka, macho mekundu, akauliza, "Tekla ni nani?" Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akasema, "Njoo umwone kabla hawajamchukua." Nikaingia. Ulikuwa mdogo sana, Dada. Sikujua kwamba ulikuwa mtu mdogo hivyo. Uwanjani hukuonekana hivyo.

Sikulia pale. Nililia siku nyingine, kiwandani, mapokezi, mtu alipokuja kuuliza njia ya kwenda ofisi ya mishahara. Sijui kwa nini yeye.

Toka uondoke tumechukua ubingwa wa taifa tena, na tena. Nairobi hatuendi siku hizi, mpaka umefungwa. Nimecheza Maputo na Unguja, nimekuwa nahodha kweli, wa kuchaguliwa na wenzangu. Kukaja vita, wasichana wawili wa timu ya jeshi wakaenda, mmoja akarudi. Sabuni hakuna, raba hakuna. Tunavaa kwa zamu: anayetoka uwanjani anamvulia anayeingia, za moto bado. Ungecheka. Pikipiki yako anayo mwalimu mmoja wa Tabata, ameipaka rangi nyekundu. Sikuipenda.

Jumatano hii nilikwenda kwa baba yako. Huwa nakwenda sikukuu, namwamkia, tunakunywa chai ya maziwa, ananiuliza habari za Mama, namaliza naondoka. Anaishi peke yake kwenye ile ile ghorofa. Safari hii nikamwambia nimeacha mpira. Akatua kikombe chake mezani. Halafu akaniuliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza.

"Binti yangu alikuwa anachezaje?"

Nikashangaa. Nikamwambia, "Baba, hukuwahi kumwona?"

"Sikuwahi," akasema. "Nilikuwa nasema mpira ni kelele. Akirudi namuuliza tu kama amekula."

Nikajaribu kumweleza kwa maneno, nikaona hayafiki. Basi nikasimama. Nikasogeza ile meza ya vioo, nikavua viatu, na pale sebuleni, kati ya makochi, na magoti yangu haya, nikamwonyesha. Unavyoupokea mpira na kuinama. Unavyomtazama mtu kushoto huku unapita kulia. Unavyoruka, ile ya kwako, unachelewa hewani kama umesahau kushuka. Sikuruka vizuri. Vikombe vililia kabatini. Mzee alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti, mikono juu ya fimbo, hapepesi macho.

"Na akishafunga," akauliza, "anafanya nini? Anashangilia?"

"Hapana, Baba. Anageuka anarudi kulinda. Anakuwa wa kwanza kurudi."

Akatikisa kichwa taratibu. Akatabasamu, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. "Mama yake alikuwa hivyo hivyo," akasema.

Kiwanda kimeniomba nifundishe, nimekubali. Nakuahidi kwamba kila msichana nitakayemfundisha atalijua jina lako kabla hajalijua la kwangu. Na bwana michezo nitamweleza habari yote nikimpata ametulia.

Pumzika, Dada. Sitakwenda tena kwenu kwa sikukuu tu. Ijumaa baada ya sala nitakuwa pale. Mzee ameniambia nije na mpira.

Mdogo wako,
Tekla